Tazara siyo ya shaba peke yake

Siku hizi kila nikishika simu ni Tazara tu, reli yetu ya Tanzania na Zambia, dola bilioni 1.4 za Wachina, mkataba miaka 30, shaba ya Zambia itafika bandarini chapchap. Sawa, nimefurahi, reli ilishachoka ile. Ila jamani, mbona kwenye mijadala yote hiyo hamna anayetaja stesheni zetu ndogo, Mngeta? Chita? Uchindile je?

Sisi wa bonde la Kilombero reli tunaijua kwa ordinari, treni ya abiria ile inayosimama kila stesheni mpaka abiria wa kwenda mbali wananuna. Kuchelewa inachelewa kweli, sibishi, lakini pale inaposimama ndo soko letu. Ikipiga honi tu akina mama wanakimbia na mabeseni kichwani, mikungu ya ndizi inapandishwa dirishani, hela inashuka, chenji haijatimia treni ishaanza kutembea na mtoto anakimbia sambamba na behewa mkono juu mpaka ile noti imfikie mwenyewe. Dakika chache hizo ndo ada ya shule, ndo daftari, ndo sukari ya nyumbani. Mchele na kambale wakavu wanapandia hapohapo kwenda kuuzwa Makambako au Dar. Halafu masika ikikolea, barabara yote tope, hata bodaboda anakwambia leo siendi, mgonjwa wa kupelekwa Ifakara atapitia wapi kama siyo relini?

Najua watu wa mahesabu watasema abiria halipi, kinacholipa ni mzigo. Haya, kweli. Lakini si hoja hiyohiyo Benki ya Dunia iliitumia kuukataa mradi huu miaka ya 60, kwamba haulipi? Nyerere na Kaunda wangeisikiliza tusingekuwa na kilomita 1,860 za reli leo. Mahandaki 22 yale, mengi yako huku kwetu kati ya Mlimba na Makambako, watu waliumia na wengine walikufa kuichimba njia hii. Milima itobolewe kwetu halafu treni itupite mbio?

Kwa hiyo wabunge wetu wa bonde, kabla ya kupiga picha na vichwa vipya vya treni, ulizeni ratiba ya abiria. Ordinari ibaki, isimame stesheni zote, na isimame muda wa kutosha mtu kupakia gunia lake na kupewa chenji.