Mti Haukunimeza, Nilikwama Tu

Naanza na marekebisho, kwa sababu rafiki yangu Spoki ameshapeleka video yangu nikiwa ndani ya mti kwenye kikundi cha mtaa, kikundi cha chama, na hata kile cha mazishi ya mjomba ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga. Mti haukunimeza. Nilikwama. Hayo ni mambo mawili.

Pia sikulia. Ilikuwa inanyesha.

Haya. Mnajua tangu Januari nimekuwa nikiwaletea picha za msitu wa Karura, hapa Nairobi, kila Jumamosi, viatu vya kukimbia mguuni, jasho usoni. Picha ni za kweli. Jasho pia ni la kweli, maana kutoka langoni hadi wanapouza chai si karibu. Basi nikajiona mtu wa misitu. Ndiyo maana nikawaburura wenzangu wanne hadi msitu wa Kakamega, karibu kilomita 400 ukipitia Kisumu, tukaone miti ya kale, kipande kilichobaki cha ule msitu wa mvua ulioungana zamani na wa Kongo. Hotuba hiyo niliitoa mara tatu kabla hatujafika Limuru.

Njia ni tamu, sitadanganya. Pale juu ya Mai Mahiu Bonde la Ufa limelala wazi, na mlima Longonot umekaa kama andazi lililobonyezwa katikati. Wenzangu walipiga picha, mimi nilikuwa na hindi la kuchoma. Kikopey tukakula mbuzi. Kericho majani chai yamenyolewa sawasawa kama vichwa vya wanafunzi siku ya kufungua shule, nami nikashusha chai na mandazi manne. Kisumu, samaki mzima, macho na yote. Kesho yake tukapanda Majengo, Mbale, Chavakali, na pale Khayega, kabla ya kukata kulia kwenda Shinyalu, mama mmoja alikuwa na ingokho. Watu wa Magharibi ya Kenya mnanielewa. Ukikaribishwa kuku ukaacha nyama kwenye sahani, umetukana boma zima. Nilikula na sehemu ya Spoki, ambaye hali, ndiyo maana anaitwa Spoki.

Mkumbukeni huyo kuku.

Msituni Isecheno tulipewa mwelekezi, mzee mpole mwenye gambuti na fimbo. Ukiingia tu, mchana unazimwa. Miti imepanda mpaka shingo inauma kuitafuta ncha, na huko juu mbega wanaruka na yale mashuka yao meupe. Mzee akatuonyesha mutere, umebanduliwa magome na watu wa dawa hadi mtu anauonea huruma. Kila alipoanza sentensi, mimi niliimalizia. Hakunung'unika. Nadhani alikuwa anasubiri.

Tukafika kwenye mugumo. Si ule wa kawaida. Huu ulikuwa umezunguka mti mwingine zamani, ukaunyonga, ule wa ndani ukaoza, sasa kimebaki kitu kama bomba la mizizi iliyosukana, wazi katikati mpaka juu kabisa. Kuna mwanya usawa wa kiuno. Mzee akasema, "Watoto huingia. Wakubwa huchungulia." Akaniangalia kwa adabu, akaongeza, "Wewe chungulia."

Ningechungulia, tusingekuwa hapa.

Kuingia kulikuwa rahisi, nataka hilo liandikwe. Nilikwenda ubavu, mikono juu, pumzi ndani, nikapenya. Na huko ndani, wadau, ni pazuri. Unatazama juu unaona mbingu imekuwa sarafu. Nikapiga picha tatu. Nikasikia tone moja puani. La pili. Kakamega mvua ya alasiri haipigi hodi, na bomba lile lilikuwa linanimiminia mimi peke yangu.

Nikaanza kutoka. Kichwa kikatoka. Bega la kulia likatoka. Kifua kikatoka kwa shida kidogo. Halafu nikasikia kitu kinasema "kwap", taratibu, kama mfuniko wa sufuria unaokaa mahali pake, na safari ikaishia hapo. Buckle ya mkanda ilikuwa imenasa kwenye mzizi kwa ndani, na juu ya mkanda alikaa kuku, juu ya kuku samaki, na kadhalika hadi Kikopey. Mkono wa kushoto ulibaki ndani na simu.

"Vuta pumzi!" akasema Spoki.

"Nimeshavuta!"

"Basi itoe!"

Nikaitoa. Nikabanwa zaidi. Spoki akatoa simu. Nikafikiri anapiga kuomba msaada. Jameni, naomba mnisamehe kwa kumwamini.

Hapo ndipo nikasikia nyimbo. Mnajua zile za safari ya shule. Wakatokea wanafunzi kama arobaini, sweta za kijani, madaftari yamefunikwa kwa karatasi za nailoni, na mwalimu mbele. Wakanyamaza wote kwa pamoja. Nikawapungia kwa mkono mmoja niliokuwa nao.

"Mwalimu, anko anafanya nini ndani ya mti?"

Sasa, mwalimu mwingine angewapitisha haraka. Huyu alikuwa mwalimu wa kweli. Akanisalimia, "Habari za mchana, bwana," nikajibu nzuri, akawageukia wanafunzi. "Mugumo hauanzii ardhini. Ndege au kima anakula tunda, anadondosha mbegu juu kwenye tawi la mti mwingine. Mizizi inashuka polepole mpaka chini. Inanenepa, inaungana, inambana mwenyeji. Mwenyeji anakufa, anaoza, panabaki nafasi tupu." Akanyoosha kalamu kwenye tumbo langu. "Hapo alipo anko ndipo alipokuwa mwenyeji."

Arobaini wakaandika.

Msichana mmoja mbele, mwenye miwani, akainua mkono. "Mwalimu, anko atakufa lini?"

"Huchukua miaka mingi."

Wakaandika na hiyo.

Mzee wetu alikuwa amekaa juu ya gogo muda wote huo, gambuti zimepishana. Akaja, akainama, akaingiza fimbo, akapapasa. "Kijana," akasema kwa sauti ya chini, kama daktari mwenye majibu, "mkanda. Ufungue, suruali uuachie mti."

"Mzee, kuna watoto."

"Na mimi nina kazi saa kumi."

Mwalimu, Mungu ambariki, akapiga makofi. "Darasa! Geukeni, tazameni ule mutere!" Thelathini na tisa wakageuka. Yule wa miwani alikuwa anamalizia kuandika.

Nikafungua kwa mkono wa kushoto, gizani, maji yakinitiririka mgongoni. Spoki akanishika kwapani, mzee akahesabu moja, mbili, na kabla ya tatu nikachomoka kama punje ya mahindi, nikatua kwenye matope nikiwa na viatu, shati, na bukta ya ndani yenye picha za mananasi. Nilinunuliwa, sikuichagua. Kima mmoja alishuka matawi mawili ili aone vizuri.

Suruali mzee aliichokoa kwa fimbo. Yaliyobaki hayana maana: tulienda kilima cha Lirhanda, wengine wakapanda wakasifu mandhari, mimi nikakaa kwenye gari na taulo. Jumatatu ofisini nikakuta nanasi juu ya meza. Jumamosi sitapiga picha Karura, nitakimbia kweli, ila msije kuangalia.

Mkanda haukutoka. Mzee ametuma picha jana, unaning'inia kwa ndani, na anasema wageni wanauulizia. Anayepita huko Disemba aniletee tafadhali. Ni wa ngozi ya kahawia, umetumika kwenye tundu la mwisho tu, na hilo lingine la pembeni nililitoboa mwenyewe kwa msumari.