Si ndege ipi, afande. Ni ndege yupi.

Asubuhi moja kwenye barabara ya Magadi, mbele ya Corner Baridi, afande alinikuta nimeegesha gari ukingoni, darubini machoni. Akataka kujua naangalia nini.

"Ndege," nikamjibu.

Akainua uso, akapekua mawingu. "Ndege ipi?"

"Si ipi, afande. Ni yupi."

Nikampa darubini na kumwelekeza kwenye kichuguu. Juu yake zuwakulu wawili, dume na jike, wekundu kwa manjano na madoadoa meupe kama waliokatiwa kitambaa kimoja, walikuwa wakiimba kwa kupokezana. Mmoja anatupa, mwingine anadaka, mikia inatikisika. Afande alikaa na darubini hadi nikaanza kuwaza kama nitaipata tena.

Barabara ile haina geti wala tiketi. Mkenya akitaka kuona ndege, akili inakimbilia mbugani, halafu anapiga hesabu ya kiingilio na kubaki nyumbani. Nchi hii ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, na sehemu kubwa ya niliowaona mimi niliwaonea dirishani mwa gari kuukuu, kando ya barabara ya umma. Ndege tunao tele. Tunachokosa ni njia zilizopangwa: kibao cha kukwambia simama hapa, nafasi ya kuegesha bila lori kukupulizia honi, na mwenyeji anayekuongoza na kulipwa kwa kazi hiyo.

Texas, kule Marekani, walilifanya hili miaka ya 1990. Pwani yao yote, kutoka mpaka wa Louisiana hadi mto Rio Grande, ina vituo vyenye namba na ramani ya kuvifuata kwa gari. Vingi si mbuga. Ni bustani za mji, fukwe, hata ardhi ya watu binafsi.

Sisi tungeanzia Magadi. Ni kama kilomita 110 kutoka Nairobi, na katika asubuhi moja unateremka kutoka ubaridi wa Ngong hadi tanuri la Bonde la Ufa, ndege wakibadilika kadiri masikio yanavyoziba. Ukichelewa kufika Olorgesailie baada ya saa nne, umekosa. Hata njiwa huwa amejificha. Ukienda hadi ziwani, kwenye magadi meupe yanayoumiza macho, tafuta kitwitwi mdogo mwenye mshipi wa rangi ya kahawia kifuani, ambaye kwingine nchini ni nadra kumpata. Na tafadhali usifungue mlango. Ndege wamelizoea gari, miguu yako hawajaizoea. Zima injini, teremsha kioo, hesabu dakika kumi.

(Kituo cha pili ningekiweka kwenye mabwawa ya majitaka kule Ruai. Harufu ni ya kweli, lakini bata na sululu wanaotoka Ulaya na Asia hawajali, na mimi nilishaacha kujali.)

Baringo haihitaji kupigiwa debe. Vijana wa Kampi ya Samaki wanajua bundi gani amelala mti gani leo. Mmoja wao aliwahi kunisimamisha hatua tatu kutoka kwa mgunga na kuninong'oneza, "Umemuona?" Nikaona gome. Nikaendelea kuona gome, mpaka gome likafumbua jicho moja la manjano. Ziwa limepanda miaka ya karibuni na kumeza barabara na hoteli, kwa hiyo ramani ya huko ichorwe na vijana hao hao, si na mtu wa ofisini.

Ila Kinangop ndiko kunakoniuma. Yupo ndege pale wa kifua cha manjano, Waingereza walimpa jina la Sharpe, asiyeishi nchi nyingine yoyote duniani. Anataka majani yanayoota kwa mafungu kwenye nyanda za juu, na majani hayo yamo ndani ya mashamba ya watu. Mwenye shamba analima viazi na kabichi, mafungu yanang'olewa, ndege anakosa pa kukaa. Nitamlaumu vipi mkulima? Viazi vinalipa karo, ndege hamlipi kitu. Kituo kimoja cha njia, mgeni akiacha pesa kwa mwenye shamba, kingebadilisha hesabu hiyo. Si ndoto: pale Mida Creek, kule Pwani, kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na ada za wageni huchangia karo za sekondari za watoto wa jirani kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya.

Kuna wenzangu wanaopinga vibao kwa kuogopa fujo, na hofu yao ninaielewa. Nimeona watu wakicheza sauti ya ndege kwenye simu mara ishirini mfululizo hadi dume la watu likachanganyikiwa likaacha viota. Kwa hiyo yule bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, anayelala mchana kwenye vichaka vya udongo mwekundu, asiwekewe mshale wowote. Kibao kiishie barabarani pale Gede. Kuanzia hapo unamfuata kijana wa msituni, unamlipa, na simu inakaa mfukoni.