Ardhi au ulinzi: nini kiliuangusha Ujenzi Mpya wa Marekani?

Vitabu vingi vya historia ya Marekani hupanga vipindi kwa namna moja: ukoloni wa Waingereza, mapinduzi ya 1776, safari ya kuelekea magharibi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, enzi ya reli na viwanda, vita viwili vya dunia, kisha harakati za haki za kiraia. Kati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na reli kuna miaka 12 ambayo hupitwa mbiombio. Wamarekani huiita Ujenzi Mpya, 1865 hadi 1877. Kwa maoni yangu hakuna kipindi kinachoieleza nchi ile kuliko hiki, na ubishi juu yake haujaisha mpaka leo.

Hali ilikuwa hivi. Majimbo ya Kusini, yaliyojitenga kutetea utumwa, yalikuwa yameshindwa vita na yale ya Kaskazini. Watu karibu milioni 4 walikuwa wametoka utumwani, wengi wao hawana shamba wala akiba, na waliokuwa mabwana zao bado ni majirani zao. Ndani ya miaka mitano Katiba ikarekebishwa mara tatu. Marekebisho ya 13 (1865) yakafuta utumwa. Ya 14 (1868) yakampa uraia mtu aliyezaliwa katika nchi ile na kuahidi ulinzi sawa wa sheria. Ya 15 (1870) yakakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huohuo wa 1870 Hiram Revels wa Mississippi akaapishwa kuwa seneta wa kwanza Mweusi. Kufikia 1877, hata hivyo, serikali zote za majimbo ya Kusini zilikuwa zimerudi mikononi mwa watu wa ule upande ulioshindwa vitani. Ilikuwaje?

Jibu la zamani, lililofundishwa kwa miongo kadhaa na mwanahistoria William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake, lilisema watu Weusi walipewa kura kabla hawajawa tayari, na serikali walizozichagua zikawa za rushwa na kodi kubwa. Rushwa ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini wakati uleule jiji la New York lilikuwa chini ya mwanasiasa William Tweed na genge lake, walioiba mamilioni ya dola za umma, na sijaona aliyehitimisha kwamba Wazungu wa New York hawakustahili kura. Kodi nazo zilipanda kwa sababu majimbo yale yalianza kujenga shule za umma ambazo hayakuwa nazo. Mwanahistoria Mweusi W.E.B. Du Bois aliyavunja mafundisho ya Dunning mwaka 1935, na sitakawia hapo.

Ubishi wenye uzito ni ule ulio kati ya watu wanaokubaliana kwamba Ujenzi Mpya ulikuwa jambo la haki. Wengine wanasema ulikufa kwa sababu waliokuwa watumwa hawakupewa ardhi. Wengine wanasema ulikufa kwa sababu serikali ya Washington iliacha kuwalinda.

Upande wa ardhi una ushahidi mzito. Tarehe 12 Januari 1865, Jenerali William Sherman wa jeshi la Kaskazini na Waziri wa Vita Edwin Stanton walikutana mjini Savannah na viongozi 20 wa makanisa ya watu Weusi. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mchungaji wa Kibaptisti mwenye umri wa miaka 67, ambaye miaka minane kabla alikuwa amejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000. Alipoulizwa watu wake watajitunza vipi, alijibu kwamba njia bora ni kupata ardhi na kuilima kwa nguvu zao wenyewe. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri: visiwa na ukanda wa pwani kuanzia South Carolina hadi Florida vitengwe kwa ajili yao, kila familia ipate hadi ekari 40. Watu wapatao 40,000 wakahamia huko na kuanza kupanda.

Rais Abraham Lincoln akauawa Aprili. Makamu wake, Andrew Johnson, alipochukua urais akawasamehe wenye mashamba na kuamuru warudishiwe. Aliyetumwa kupeleka habari hiyo kisiwani Edisto, Oktoba 1865, ni Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara iliyoundwa kuwasaidia walioachiwa huru, mtu aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani. Wakulima wa Edisto walimwandikia barua ambayo bado ipo. Walimwambia: unatuomba tuwasamehe wenye ardhi, wewe ulipoteza mkono tu, na huenda ukaweza kusamehe. Lakini aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akawavua nguo mama yangu na dada yangu akawachapa, huyo siwezi kumsamehe. Walikuwa wakidai mashamba waliyokwisha kuyatolea jasho kwa vizazi. Hawakuyapata.

Kilichofuata ni kilimo cha kugawana mavuno. Mwenye shamba anatoa ardhi, mkulima anatoa nguvu, mbegu na chakula vinakopwa dukani kwa riba, na msimu ukiisha deni limekula sehemu yake yote. Mtu wa namna hiyo akienda kupiga kura, anaenda akijua kwamba mwenye nyumba anayolala anaweza kumtoa kesho.

Tazama sasa Beaufort, pwani hiyohiyo ya South Carolina. Jeshi la Kaskazini liliiteka mapema, Novemba 1861, wenye mashamba wakakimbia, na ardhi yao ikauzwa kwa mnada kwa sababu ya kodi ambazo hazikulipwa. Baadhi ya waliokuwa watumwa walinunua, na waliyonunua yalibaki yao. Robert Smalls, aliyetoroka na meli ya kivita kutoka bandari ya Charleston mwaka 1862 akiwa na familia yake ndani, alinunua nyumba ya bwana wake wa zamani, ile ambayo yeye alizaliwa uani kwake. Kwingine Kusini siasa za watu Weusi zilipokuwa zimezimwa, Beaufort iliendelea kuwa ngome yao, na Smalls aliingia Kongresi mara kadhaa hadi 1887. Kwa anayesema ardhi haikuwa na maana, Beaufort ni jibu gumu.

Upande wa ulinzi nao una hoja zake, na zinatisha zaidi. Siku ya Pasaka, 13 Aprili 1873, huko Colfax, Louisiana, kundi la Wazungu wenye silaha lilishambulia mahakama ya wilaya iliyokuwa inalindwa na wanamgambo Weusi, likaichoma moto, na kuwaua makumi ya watu, wengi wao wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Washtakiwa watatu tu walitiwa hatiani. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikawaachia, ikisema Marekebisho ya 14 yanazibana serikali za majimbo, hayambani mtu binafsi. Ekari 40 zisingezuia risasi zile.

Tena nguvu ilipotumika, ilifanya kazi. Mwaka 1871 Rais Ulysses Grant alisimamisha katika wilaya tisa za South Carolina haki ya mtu kutofungwa bila kufikishwa mahakamani, jeshi likakamata mamia ya wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowashambulia watu Weusi, na kundi lile likavunjika. Miaka minne baadaye gavana wa Mississippi, Adelbert Ames, aliomba askari kabla ya uchaguzi uliokuwa umejaa mauaji. Washington ikamjibu kwamba wananchi wamechoshwa na fujo hizi za kila mwaka za Kusini. Uchaguzi wa urais wa 1876 ulipoingia kwenye mgogoro, Rutherford Hayes akaupata kwa kura 185 za wajumbe wa majimbo dhidi ya 184, na Aprili 1877 askari wakaondolewa kwenye majengo ya serikali ya South Carolina na Louisiana.

Wapo wanaotetea uamuzi huo kwa kusema Kaskazini ilikuwa imechoka, uchumi umeanguka tangu 1873, na hakuna taifa linaloweza kukaa na jeshi nyumbani kwake milele. Hoja ya uchovu ingenishawishi kama si mambo mawili ya mwaka huohuo wa 1877. Julai, Hayes alituma jeshi kuvunja mgomo wa wafanyakazi wa reli. Na huko magharibi jeshi liliwafukuza Wanez Perce, wenyeji wa asili, kwa zaidi ya maili 1,000, likiongozwa na Howard yuleyule wa Edisto. Askari walikuwepo. Waliokosekana ni wanasiasa walioona kura ya mkulima Mweusi inastahili gharama hiyo.

Kwa hiyo naegemea upande wa ulinzi, bila kuitupa ardhi. Beaufort ilipata karibu miaka 20 ambayo wengine hawakuipata, na miaka 20 ni shule, makanisa na watoto waliokua wakimwona mtu wao bungeni. Lakini mwaka 1895 South Carolina iliandika katiba mpya kwa nia ya wazi ya kuwaondoa watu Weusi kwenye kura. Smalls alikuwa mjumbe wa mkutano ulioiandika, alisimama akaipinga, na akashindwa. Watu Weusi wenye mashamba yao wakapoteza kura pamoja na wasio nayo. Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi 130,334 walioandikishwa mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342.

Ndiyo maana neno "kushindwa" sipendi litumike ovyo juu ya kipindi hiki. Marekebisho yale matatu hayakufutwa hata wakati Mahakama ya Juu ilipobariki ubaguzi mwaka 1896. Wanasheria waliopinga shule za kibaguzi mwaka 1954 walisimama juu ya Marekebisho ya 14, na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilisimama juu ya ya 15. Ibara ya uraia ndiyo inayomfanya mtoto wa Mkongo au Mkenya aliyezaliwa Minneapolis kuwa Mmarekani bila kuomba kwa mtu. Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia huo watoto ambao wazazi wao hawana ukaazi wa kudumu wala uraia, na kesi zikafunguliwa mara moja. Mawakili wa pande zote mbili walibishana kuhusu maana ya maneno yaliyopitishwa mwaka 1868, na walioyaandika walikuwa na watu wa Edisto na Beaufort akilini.