Maji kwenye mashine ya kutotolesha: nani mkweli, wa Dar au wa Njombe?

Masika ya mwaka jana, siku ya 23 tangu niweke mayai kwenye mashine, nilikaa jikoni nikapasua moja baada ya jingine mayai 14 yaliyokataa kuanguliwa. Matatu yalikuwa viza tangu mwanzo, hayo hayana hoja. Kumi na moja yalikuwa na vifaranga kamili: manyoya, kucha, mdomo umeelekea kwenye chumba cha hewa. Ila walikuwa wamevimba, shingo teketeke kana kwamba zimejaa maji, na baadhi yao kiini kilikuwa bado hakijaingia chote tumboni. Kila nilipoweka ganda pembeni, maji mepesi yalichuruzika mezani. Na mimi nilikuwa nimefuata karatasi ya fundi aliyeniuzia mashine neno kwa neno: jaza trei ya maji, usiiache ikauke.

Mwezi Julai shemeji yangu wa Njombe akanunua mashine kama hiyohiyo. Nikampa ushauri wa mtu aliyeumwa na nyoka: usiweke maji kabisa mpaka siku ya 18. Akanisikiliza, maskini. Vifaranga wake nao walifia ndani, ila kwa namna nyingine. Walidonoa ganda, wakatoboa kitundu, wakaishia hapo. Utando wa ndani ulikuwa umekauka, umewanata manyoyani, hawawezi hata kujigeuza.

Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja tulikuwa na ushahidi wa kambi zote mbili zinazogombana kila wafugaji wa mashine wanapokutana. Kambi ya kwanza ni ya maji: unyevu asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za mwanzo, kisha 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Ndicho kinachoandikwa kwenye vijitabu vingi vya mashine. Kambi ya pili ni ya ukavu: acha trei bila maji, unyevu ucheze kati ya 25 na 40, maji yaingie siku ya 18 tu. Kila kambi ina watu wanaotoa vifaranga vizuri kabisa, na hapo ndipo ugomvi unapokuwa mtamu.

Tuanze na yai lenyewe. Ganda lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na muda wote wa kuatamiwa mvuke wa maji unatoka humo. Unapaswa kutoka. Yai la kuku likifika siku ya 18 linatakiwa liwe limepoteza kama asilimia 11 hadi 14 ya uzito wake wa siku ya kwanza. Nafasi ya maji yaliyoondoka inachukuliwa na hewa upande wa butu, na hiyo hewa ndiyo pumzi ya kwanza ya kifaranga kabla hajatoboa ganda. Maji yakitoka kidogo mno, chumba kinakuwa finyu na kifaranga anazama katika maji yake mwenyewe. Yakitoka mengi mno, anabaki amekaukiwa, amedhoofika, na utando umekaza.

Kitu ambacho karatasi ya fundi haikusema ni kwamba mashine haitengenezi hewa, inachukua ya chumbani na kuipasha moto. Hewa ikipashwa moto, uwezo wake wa kubeba mvuke unapanda, kwa hiyo asilimia ya unyevu inashuka ingawa mvuke ni uleule. Piga hesabu. Chumba changu Dar wakati wa masika kina nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80. Ipashe hewa hiyo hadi nyuzi 37.5, joto la ndani ya mashine: unapata kama asilimia 47, bila tone la maji kwenye trei. Chumba cha shemeji Njombe mwezi Julai, nyuzi 15 na unyevu 70: ikifika 37.5 inabaki kama asilimia 18. Hapo bado hujaweka mwinuko wa Njombe, takriban mita 1,900, ambako hewa nyepesi inauruhusu mvuke kupita kwenye ganda kwa kasi zaidi.

Yaani mtu wa Pwani anayesema "mimi siweki maji" hatotoleshi kwa ukavu. Maji anawekewa na bahari. Na mtu wa Nyanda za Juu anayejaza trei mbili hatotoleshi kwa maji mengi kupita kiasi, anajitahidi tu kufikia pale mwenzake alipoanzia. Nusu ya ugomvi huu, kwa maoni yangu zaidi ya nusu, ni watu wa mikoa tofauti kusimuliana hali ya hewa.

Lakini nusu iliyobaki ni hoja za kweli, na si haki kuzipuuza.

Wa ukavu wana hoja moja wanayoipenda sana: kuku wa bibi anaatamia stoo bila bakuli la maji, na anatoka na vifaranga kumi kwa mayai kumi na mawili. Sijawahi kuiona ina uzito. Kuku hana feni. Chini ya tumbo lake hewa imetulia, na kiota mara nyingi kiko juu ya udongo. Mashine nyingi za nyumbani zinazungusha hewa usiku na mchana. Hoja yao nzito ni nyingine: trei ya maji ya vuguvugu kwa wiki tatu ni bwawa la vijidudu. Mwenye mashine ya feni aliyewahi kulipukiwa na yai viza siku ya 16 anajua ule uchafu unaishia wapi. Anayekaa bila maji anafungua mashine mara chache na hasafishi ukungu.

Wa maji nao wana hoja ambayo wenzao huikwepa. Yai lililobaki na maji mengi unaweza kulikausha njiani, lakini lililokwisha kupoteza halirudishiwi. Unyevu si kama joto. Joto likipanda sana kwa saa chache umeua, basi. Unyevu ni deni linalolipwa kwa siku 18, na ukilipa kidogo wiki ya kwanza unaweza kuongeza wiki ya pili. Ukilipa kupita kiasi, hakuna chenji. Unachoweza ni kupunguza tu yanayoendelea kutoka. Kwa hoja hiyo peke yake, kama mtu hapimi chochote na anaishi kwenye baridi kavu, afadhali aweke maji. Asiyepima anayeishi Pwani, afadhali aache trei tupu.

Ila kwa nini usipime? Na sisemi kile kidude cha kupima unyevu kilichobandikwa kwenye kifuniko. Vya bei rahisi vinaweza kukosea kwa asilimia 5, hata 10. Ukitaka kukijaribu, changanya chumvi ya mezani na maji kidogo iwe kama uji mzito, itie kwenye kopo pamoja na kipimo, funga hewa isiingie, acha usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 66, yaani siku zote nilizodhani niko kwenye 55 pengine nilikuwa zaidi ya 60.

Ninachotumia sasa ni mzani wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Awamu iliyofuata nilitia alama ya penseli mayai 10 ya kienyeji, nikayapima pamoja: gramu 460. Asilimia 13 ni gramu 60, kwa hiyo siku ya 18 nilitaka nisome 400, na siku ya 7 niwe nimepoteza kama 23. Siku ya 7 mzani ukaonyesha 448. Gramu 12 tu, nusu ya safari. Nikatoa maji yote siku hiyohiyo, nikafungua matundu ya hewa hadi mwisho. Siku ya 18 nikasoma 410, karibu asilimia 11. Ukingo wa chini, lakini walitoka.

Kwenye siku tatu za mwisho sioni cha kugombania. Kambi zote zinaweka maji, na wote wako sahihi, kwa sababu kifaranga akishatoboa ganda utando unagusana na hewa ya feni na unakauka haraka. Ukitaka unyevu upande, ongeza upana wa maji, si kina. Kitambaa safi kilichochovya ncha kwenye trei kinafanya kazi kuliko lita nzima kwenye kikombe. Usizibe matundu ya hewa ili kubana mvuke, maana ndio wakati vifaranga wanahitaji hewa kuliko siku zote. Na usifungue mfuniko kuwaonyesha wageni. (Nimefanya. Wageni walifurahi.)

Bata sijawazungumzia makusudi. Siku 28 kwa wa kawaida, 35 kwa bata aina ya Muscovy, na kuna kunyunyizia mayai yao maji na kuyapoza. Hao wana ugomvi wao.

Shemeji naye amenunua mzani. Safari hii aliweka trei mbili na kitambaa. Siku ya 7 alinipigia: mayai yake 10 yamepungua gramu 22. Mimi na yeye tuliweka mayai siku moja, trei yangu ilikuwa kavu kabisa, na yangu yalikuwa yamepungua 21.