Kulishwa kwa mshipa nyumbani: daktari wa Bukavu anakataa nini hasa?

Mtu aliyekatwa utumbo mwembamba, kwa sababu ya risasi, tifoidi iliyotoboa au utumbo uliojisokota, akabakiwa na chini ya sentimita 200, anaweza kumaliza sahani ya ugali na sombe na bado akakonda, kwa kuwa utumbo uliobaki haufyonzi chakula cha kutosha. Ulaya huenda akarudishwa nyumbani na mifuko ya chakula cha mshipani, yaani chakula cha majimaji kinachoingizwa moja kwa moja kwenye damu. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huambiwa haiwezekani, na familia huondoka ikiamini daktari amemkatia tamaa mgonjwa, au anangoja dola.

Uchungu wao una msingi. Tangu kazi ya Stanley Dudrick na wenzake huko Philadelphia, iliyotangazwa mwaka 1968, inajulikana kwamba hata mtoto mchanga anaweza kukua kwa chakula cha mshipani pekee. Wapo walioishi hivyo miaka na miaka: usiku wanaunganishwa na mfuko kwa saa 10 au 12, asubuhi wanakwenda kazini. Kwa nini wa Brussels aishi na wa Kadutu, hapa mjini kwetu, afe?

Ila ombi linalofika wodini huwa ni hili: “Munganga, mumutiye seromu,” yaani daktari amtundikie chupa ya maji ya sukari. Tupige hesabu. Lita moja ya glukosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, sawa na kalori zipatazo 200. Mtu mzima anahitaji kama 2,000. Basi chupa kumi kwa siku! Lita kumi za maji zimiminwe kwenye damu, sodiamu ishuke, ubongo uvimbe, na hata hapo hajapata protini, mafuta wala vitamini. Ukiikoleza sukari, mshipa wa mkono unaungua. Inabidi katheta, yaani mrija mwembamba, ifike kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo, ikae humo miezi. Kidole kisichonawiwa vizuri usiku mmoja, bakteria wameingia kwenye damu bila kizuizi.

Wengine husema haiwezekani kwa sababu mifuko inahitaji friji na umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, hautegemeki. Nakubali hoja hiyo hutiwa chumvi: kuna mifuko ya kiwandani yenye vyumba vitatu inayohifadhiwa bila friji hadi itakapochanganywa. Lakini vitamini huongezwa kando, na mifuko yenyewe lazima ifike. Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango. Mgonjwa wa aina hii hana akiba ya mwili ya kungojea barabara. Daktari anayekataa kuanza amekwisha kuuona mwezi ambao mfuko hautakuja, na mimi simwiti mkatili.

Ninachomlaumu nacho ni kumruhusu mgonjwa aende nyumbani na ushauri wa “kunywa maji mengi”. Kwa mwenye utumbo mfupi unaoishia kwenye tundu lililofunguliwa na daktari kwenye ngozi ya tumbo, maji matupu huvuta chumvi ya mwili na kutoka nayo. Kadiri anavyokunywa ndivyo anavyokauka. Anahitaji maji matupu kidogo, na mchanganyiko wa gramu 20 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za baikaboneti kwa lita, anaounywea polepole mchana kutwa. Aliyebakiwa na chini ya mita moja, mara nyingi mchanganyiko huo hautamtosha, na familia iambiwe hivyo waziwazi. Kwa wengine, hasa waliobaki na utumbo mpana, utumbo huendelea kujizoeza hata kwa miaka miwili, na muda huo unaweza kuvukwa kwa mzani mdogo wa kupimia mchanganyiko huo, sukari, chumvi, na muuguzi anayekubali kukaa nusu saa na mama wa mgonjwa kabla hajasaini karatasi ya kutoka.