Nembo Ipo Kwenye Simu, Fundi

Wateja wa mabango na stika wana adabu sana. Huanza kwa salamu, huuliza hali ya nyumbani, husifia kazi niliyoifanya kwenye duka la jirani, kisha hutoa simu mfukoni na kusema kwa upole: "Nembo ninayo hapa, fundi, wewe ni kuikata na kuibandika." Anapofikia maneno hayo, bei huwa ameshaipanga kichwani, na katika bei hiyo mimi nimehesabiwa kuwa mtu wa kubonyeza kitufe na kusubiri mashine imalize.

Nembo yenyewe huwa imesafiri. Kadi ya biashara ilipigwa picha juu ya meza ya baa, picha ikatumwa kwa WhatsApp, aliyeipokea akaipiga skrinishoti, na hiyo skrinishoti ndiyo niliyoletewa mimi, ikiwa na saa, alama ya mtandao na onyo kwamba chaji inakaribia kwisha. Nikiikata nembo peke yake kutoka humo, nabaki na picha yenye upana wa pikseli 200, ilhali bango linalotakiwa lina upana wa mita 3. Namweleza mteja kwamba kwa hesabu hiyo kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 15, yaani herufi za jina lake zitakuwa na ngazi ambazo mtoto anaweza kuzipanda. Ananitazama kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa, halafu ananionesha tena simu yake na kuniuliza: "Mbona hapa inaonekana safi?"

Ni kweli inaonekana safi, na tatizo langu lote ni kwamba jicho la binadamu ni jepesi wa kusamehe. Plota ya kukatia stika haisamehi, kwa sababu haioni picha hata kidogo. Kisu chake kinafuata mstari, na mstari huo lazima uwepo kwa hesabu: uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale ulipoanzia. Mchoro wa namna hiyo ndio tunaouita vekta, na ndiyo maana unaweza kuukuza kutoka upana wa kidole gumba hadi upana wa ukuta wa ghala bila kingo zake kuchakaa. Picha ya skana au ya simu haina mstari wowote ndani yake. Ina nukta za rangi zilizojipanga safu kwa safu, na kisu hakiwezi kuambiwa kikate "pale panapoonekana peusi".

Wapo wateja waelewa zaidi, na hao wananichosha kuliko hata wasioelewa. Mmoja alisikia kwamba mafundi hupenda faili la PDF, basi akachukua skrinishoti yake, akaipachika kwenye Word, akaihifadhi kuwa PDF, ambayo ndani yake bado ni skrinishoti ileile, na kuniletea kwa flashi huku akitabasamu kwa ushindi. Mwingine huja na mpwa wake. Siku hizi kila ukoo una kijana mmoja anayejua kompyuta, na kijana huyo hukaa nyuma ya kiti changu, hunong'ona kidogo na mjomba wake, kisha hutoa hukumu: "Anko, hiyo si anabonyeza tu kutresi?"

Naam, kitufe cha kutresi, yaani cha kuiamuru kompyuta iipitie picha na kuichorea mistari yenyewe, kipo kwenye programu zetu za kuchorea. Illustrator inacho, CorelDRAW inacho, na Inkscape, ambayo ni ya bure, inatumia Potrace, programu aliyoitoa Peter Selinger mwaka 2001 na ambayo mpaka leo inaheshimika. Sina ugomvi na hata mojawapo. Ukizipa mchoro wa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, ulioskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi, zinakurudishia njia safi unazoweza kuzipeleka kwenye plota kabla chai haijapoa. Lakini ukizipa skrinishoti ya mjomba, zinatresi nembo, zinatresi kivuli cha kidole cha aliyepiga picha, zinatresi asilimia ya betri, na zile chembechembe za kijivu ambazo JPG huziacha pembeni mwa kila herufi kila inapobanwa zinageuka visiwa vidogo vidogo, kila kimoja na mpaka wake kamili.

Kisha kuna suala la nodi, yaani vile vituo vinavyoushika mstari wa vekta na kuuongoza upinde wapi, ambalo nikilianza nyumbani mke wangu huondoka sebuleni. Duara zuri linahitaji nodi 4. Mikunjo tunayoitumia inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa kampuni ya magari ya Renault, ingawa Paul de Casteljau wa Citroën alishaifanyia kazi mwaka 1959 na kampuni yake ikakaa nayo kimya. Kwa hesabu za mabwana hao, duara la nodi 4 linakosea chini ya asilimia 0.03, kosa ambalo hakuna mteja wala mpwa atakayeliona. Duara lilelile likitoka kwenye picha chafu huja na nodi za kumwaga, zimejipanga kila mahali pasipohitajika, na kisu kikilifuata kinatetemeka, kinasita, kinapinda na kurudi, hadi kingo za stika zinakuwa na meno. Mabwana wale walitaka bodi la gari liteleze bila kigongo, na kazi yao imeishia kwangu, nikiitumia kunyoosha mkia wa samaki kwenye kibao cha mgahawa.

Hapo bado hatujafika kwenye kuchambua. Stika ikishakatwa, lazima mtu aketi na sindano na kibanio, avute vipande visivyotakiwa, atoe tumbo la kila "a" na kila "o", na avishike vile visiwa vya JPG kimoja baada ya kingine huku vikimganda vidoleni. Kijana wangu wa ofisini akiona faili limetoka kwa kutresi bila kusafishwa, hukumbuka ghafla kwamba kuna msiba kwao. Simlaumu. Mwaka huu amezika shangazi wengi.

Sitazungumzia kwa kirefu wanaotaka sura ya marehemu babu ikatwe kwa rangi moja. Nitasema tu kwamba ukishusha kizingiti cha weusi, yaani kiwango ambacho kompyuta hukitumia kuamua kipi ni cheusi na kipi ni cheupe, ndevu zinatoweka, na ukikipandisha ndevu, shingo na koti vinaungana kuwa kitu kimoja, na katika hali zote mbili familia itagawanyika kuhusu kama huyo ni babu yao.

Ninachotaka kukizungumza ni nembo ya shule. Shule siitaji jina, kwa kuwa bado ninaidai. Nembo yao ina mwenge, kitabu kilichofunguliwa, jembe na utepe wa kaulimbiu, na ilichorwa zamani kwa penseli na mwalimu wa sanaa. Mchoro halisi ulishapotea, kwa hiyo nililetewa barua ya shule iliyokuwa fotokopi ya fotokopi, tundu la kuingizia kwenye faili likiwa limepita katikati ya kitabu na mhuri wa IMEPOKELEWA ukiwa umekaa juu ya jembe. Nilipobonyeza kutresi kwa ajili ya kumridhisha Mwalimu Mkuu aliyekuwa amesimama pembeni, jembe lilitoka likiwa na maneno IMEPO, na mwenge ukawa koni ya aiskrimu.

Nikafanya kazi inavyopaswa kufanywa. Niliiweka skani kwenye tabaka la chini, nikaififisha, nikaifunga isisogee, kisha nikachora upya juu yake kwa zana ya kalamu. Nusu ya kitabu niliichora na nusu ya pili nikaipata kwa kuigeuza. Mpini wa jembe niliunyoosha. Kaulimbiu niliitafutia fonti inayofanana na mwandiko wa yule mwalimu, nikaiandika upya na kugeuza herufi kuwa mikunjo ili zisibadilike kwenye kompyuta nyingine. Kila rangi ikapata njia zake, pasipo umbo moja kukatwa mara mbili chini ya jingine. Nodi zilikuwa chache kiasi kwamba niliziangalia kwa muda kabla ya kufunga kompyuta.

Kamati ya shule ilikaa, ikaitazama nembo, na mwenyekiti, mzee anayeheshimika, akauliza nyota imekwenda wapi.

Hapakuwa na nyota. Palikuwa na doa jeusi juu ya mwenge, lililotokana na uchafu kwenye kioo cha mashine ya fotokopi, nami nililifuta pamoja na mhuri na tundu. Nikawaonesha kwamba doa hilohilo lipo kwenye tangazo la mkutano wa wazazi na kwenye orodha ya sare, mahali palepale pa karatasi. Mzee alivua miwani, akasema yeye alisoma katika shule hiyo na nyota ilikuwepo, na mjumbe mwingine akaongeza kwamba inawakilisha matumaini. Kuanzia hapo mjadala ukahamia kwenye idadi ya pembe. Wengine walitaka tano, wengine sita, na mwalimu wa hisabati akapendekeza nane kwa sababu ambazo hakuzifafanua. Tano zilishinda, ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao.

Nilipoongeza gharama ya kuchora nyota kwenye ankara, Mwalimu Mkuu aliirudisha. Hoja yake ni kwamba nyota nililetewa ikiwa kamili, nikaifuta mwenyewe bila idhini, na kwa haki shule ndiyo inayostahili kupunguziwa bei.