Milima Isiyo na Geti

Ndugu na marafiki wa nyumbani wakinipigia simu, swali la kwanza huwa ni kama nimeshafika Paris, kama nimeuona ule mnara. Nimefika na nimeuona, na ni mzuri kweli. Ila ningeambiwa nichague kitu kimoja cha Ulaya nikipeleke Morogoro, nisingechagua mnara wala majumba. Ningechagua haki ya mtu asiye na hela kuingia msituni Jumamosi asubuhi, akatembea mpaka jua lizame, na asiwepo wa kumuuliza katokea wapi na kalipa nini.

Nasoma Freiburg, mji wa kusini-magharibi mwa Ujerumani uliolala chini ya milima ya Schwarzwald. Sheria ya misitu ya mwaka 1975 inamruhusu kila mtu kuingia msituni kupumzika, hata msitu ukiwa mali ya mtu binafsi. Jimbo la Bavaria limeiweka haki hiyo ndani ya katiba yake ya mwaka 1946, pamoja na ruhusa ya kuchuma matunda ya porini kwa kiasi cha kawaida. Norway nao wana sheria yao ya mwaka 1957. Huko unaweza hata kupiga hema kwenye ardhi isiyolimwa, alimradi usisogelee nyumba ya mtu chini ya mita 150. Nimelala hivyo na wenzangu wa chuo kando ya ziwa, asubuhi tukakunja hema, tukaokota takataka zetu, tukaondoka. Hatukuombwa kibali wala risiti.

Na sheria hiyo haijaachwa kwenye karatasi. Ukitoka katikati ya mji unapanda tramu namba 2 mpaka Günterstal, unaunganisha na basi namba 21, na muda si mrefu uko chini ya mlima Schauinsland wenye mita 1,284. Mwenye haraka anakata tiketi ya vibanda vinavyovutwa kwa waya hadi juu, vilivyoanza kazi mwaka 1930. Asiye na haraka anapanda kwa miguu. Mimi hupanda kwa miguu, kwa sababu ya hela na kwa sababu ya raha yenyewe.

Usidhani ni lazima uwe na mwongozaji. Kwenye miti kuna vibao vidogo vya pembe nne vilivyosimama kwa ncha: vya njano kwa njia za karibu, vya bluu kwa njia zinazounganisha eneo moja na jingine, vyekundu kwa njia ndefu ya Westweg inayotoka Pforzheim hadi Basel, kama kilomita 285 hivi, iliyowekwa tangu mwaka 1900. Ukifika njia panda unakuta nguzo yenye jina la mahali uliposimama, kimo chake kutoka usawa wa bahari, na kilomita zilizobaki hadi kila kijiji kinachofuata. Hata mgeni asiyejua Kijerumani hapotei.

Siku moja nikiteremka nilimkuta mzee mmoja amesimama mbele ya mti na nyundo mkononi. Alikuwa anabadilisha kibao kilichopauka. Nikasimama kumtazama, naye akafurahi kupata mwanafunzi. Akanionyesha kwamba msumari haupigwi mpaka mwisho, kwa sababu mti unanenepa kila mwaka, na usipouachia nafasi gome linakimeza kibao. Kisha akakata kitawi kilichokuwa kinaziba, akarudi nyuma hatua kadhaa, akageuka kutazama kama mtu anayetoka upande ule naye atakiona. Nilimuuliza analipwa na nani. Halipwi na mtu. Ni mwanachama wa Schwarzwaldverein, chama cha wapenda matembezi kilichoanzishwa hapa Freiburg mwaka 1864, na amepewa kipande chake cha njia akitunze. Ni mstaafu, na kila msimu anakipita kipande hicho chote na begi lake la misumari. Nimeshahudhuria mihadhara mingi katika nchi hii, lakini somo la yule mzee ndilo ninalolirudia kichwani mara kwa mara.

Usafiri nao umepangwa kwa moyo huohuo. Tangu Mei 2023 Ujerumani ina tiketi moja ya mwezi inayokupandisha treni za mikoani, mabasi na tramu nchi nzima. Ilianza kwa euro 49, ikapanda hadi 58 mwaka 2025, na watu wamelalamika sana. Vijana na wanafunzi wa jimbo letu wana ya kwao ya bei nafuu zaidi. Kwa tiketi hiyo nimekwenda Titisee na treni inayopita bonde la Höllental, nimekanyaga theluji ya Feldberg, mlima wenye mita 1,493, na nimefika Kehl, ambako toka mwaka 2017 tramu inavuka mto Rhine na kukushusha Strasbourg, Ufaransa. Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi kinakuruhusu kuzitembelea nchi nyingine za Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwa mtu aliyezoea kupanga foleni za viza, kuvuka daraja na kujikuta nchi nyingine kabla hata hujamaliza kula andazi lako ni jambo kubwa.

Ila nisiwapambie. Kwenye treni zinazovuka mpaka, askari wakipanda, mara nyingi wanapita behewa zima na kusimama kwangu. Wenzangu wanaendelea kusoma simu zao, mimi natoa kadi. Imenitokea mara nyingi mno kwangu kuamini ni bahati mbaya, na kila mara raha ya safari inapungua hapohapo. Kwa hiyo ninaposema msitu wa hapa hauna geti, najua pia kwamba kufika kwenye huo msitu si rahisi sawa kwa watu wote.

Na kwa uzuri wenyewe, sitaki kusikia ubishi. Sehemu kubwa ya Schwarzwald ni misonobari iliyopandwa na watu, mingine imesimama kwa mistari iliyonyooka. Desemba 1999 tufani iliyoitwa Lothar iliilaza chini kwa eneo kubwa sana. Uluguru, milima ya kwetu Morogoro, ni kitu kingine kabisa. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, misitu iliyodumu tangu enzi na enzi, yenye mimea, vyura na ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani. Mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, unapata maji yake humo. Na yale maua madogo ya zambarau ambayo Wajerumani huyaweka kwenye vyungu madirishani asili yake ni Usambara. Mbegu zilipelekwa Ujerumani na mtawala wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, na leo yanauzwa madukani hapa karibu na nyanya na mikate. Mama mwenye nyumba wangu anayo. Amewahi kuniuliza kama nimeyaona yakiwa porini kwao, nikamjibu kwamba sijawahi.

Hapo ndipo panaponiuma. Nimekulia Morogoro. Kila asubuhi ya utoto wangu mlima ulikuwa mbele ya macho, na mawingu yakiwa yameukalia nilijua mvua inakuja. Waliokuwa wanapanda na kushuka ni akina mama wa Kiluguru wenye mikungu ya ndizi na vikapu vya mboga kichwani, wakiwahi sokoni. Wao walitembea kwa kazi. Wa kutembea kwa kupenda tuliambiwa ni Wazungu. Shuleni hatukupelekwa hata mara moja, ingawa maporomoko ya Choma hayako mbali na mji.

Fikra hiyo haikutoka hewani. Kule juu Morningside kuna nyumba ya enzi za Wajerumani, waliokwenda kukwepa joto la bondeni. Mlimani palikuwa pao pa kupumzikia, sisi tulipanda tukiwa na mizigo yao. Kilimanjaro ni hivyohivyo. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, kilele kikapewa jina la mfalme wao wa Ujerumani, na Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga anayetajwa kuwaongoza, akabaki kwa muda mrefu bila kujulikana na wengi. Tulikirudisha kilele hicho usiku wa uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge juu ya mita 5,895. Jina tumebadilisha. Mawazo ya kwamba mlima ni wa mgeni na sisi ni wa kubeba begi lake, hayo bado.

Kampeni za utalii wa ndani nazifuatilia kutoka huku, na nazipenda. Lakini sikilizeni zinazungumzia nini: hifadhi za wanyama, vifurushi vya wikendi, magari ya kukodi, hoteli. Hata viingilio vya raia vikiwa vidogo kuliko vya wageni, gari la kuzunguka Mikumi linammaliza mwanafunzi bumu lote. Nakubali kabisa kwamba Serengeti na Mikumi zinahitaji geti, askari na mwongozaji. Kuna simba, kuna tembo, na kuna mazingira ya kulinda. Ila Uluguru, Usambara na Upare hazina simba wa kumtisha mtu. Kwa nini nazo tunazifikiria kama mbuga?

Treni ya mwendokasi imeanza kubeba abiria mwaka 2024, na nauli ya kawaida kutoka Dar hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam anaweza kuamka asubuhi akafika mjini kwetu mapema tu. Akishuka stesheni anaona milima hiyo hapo. Sasa aende wapi? Hakuna kibao. Hakuna daladala iliyoandikwa jina la mwanzo wa njia. Atamuuliza bodaboda, bodaboda atamuuliza ana ruhusa, naye atazunguka akitafuta ofisi inayotoa ruhusa. Saa sita mchana atakuwa amekaa anakula chipsi, kisha anarudi Dar.

Najua jibu nitakalopewa: watu wakiruhusiwa watachoma moto, watakata miti, watapotea kwenye ukungu. Moto na mkaa ni shida ya kweli, nimeona kwa macho yangu vilima vya kwetu vikigeuka vipara. Lakini wanaochoma mkaa hawakupitia getini. Njia inayopitwa na watu kila wikendi ina macho mengi, na kijana aliyefika akaona chemchemi inapotoka atakuwa mkali kuliko bango lolote la serikali. Kuhusu kupotea, dawa yake ni vibao, na vibao havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Vinahitaji rangi, misumari, na wazee wastaafu wanaoijua milima yao, ambao tunao wengi. Vinahitaji pia Wakala wa Huduma za Misitu kukubali kukaa na vijiji na kusema wazi njia ipi ni ya wote.

Kuna jambo moja zaidi la huku ambalo sisi tungelifanya kirahisi kuliko Wajerumani wenyewe. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Richard Schirrmann, alikuwa matembezini na wanafunzi wake, wakakutwa na mvua kubwa ya radi. Walijihifadhi kwenye shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Usiku ule akawaza: shule zinabaki tupu wakati wa likizo, kwa nini zisiwe malazi ya vijana wanaotembea? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena, na wazo likaenea duniani kote. Nimelala kwenye hosteli za namna hiyo nikiwa na shuka langu begani, na nimekutana humo na watu ambao nisingekutana nao darasani.

Sasa hesabuni shule za bweni zilizopo Lushoto, Same, Marangu, Mgeta. Vitanda vipo, majiko yapo, visima vipo, na Juni na Desemba vyote vinalala. Mwanafunzi akiombwa elfu chache za kitanda na ugali wa maharage, shule ikapata hela ya kurekebisha paa, mama wa kijijini akauza ndizi na stroberi zake hapohapo juu bila kuzishusha mjini, kuna aliyepata hasara? Tena tuna kitu ambacho huku sijakiona. Freiburg mjini hakuna anayekusalimia, ni kule mlimani tu ambapo wageni wanapopishana husalimiana, na ndiyo maana huko najisikia nyumbani zaidi. Kwetu huwezi kupita kwenye ua wa mtu bila hodi, karibu, na kikombe cha maji. Huo ukarimu ungemfikisha mtembeaji mbali kuliko ramani yoyote.

Nimeshawaandikia walimu wawili wa shule niliyosoma, na mmoja amejibu kwamba likizo ya Juni yuko tayari kuwapeleka kidato cha tatu hadi Choma na kurudi. Anataka kujua vibao vinatengenezwaje. Nimemtumia picha, vipimo, na lile jambo la kutopiga msumari mpaka mwisho. Mwenye rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani, au anayemfahamu fundi seremala pale Morogoro anayeweza kutukatia mbao ndogo, tuwasiliane kabla ya masika kwisha.